Maharage ya Mkanda Mweupe

Juzijuzi nilisimama sokoni Makambako mbele ya gunia la maharage, na mwenye gunia akaanza kuniomba radhi kabla sijasema neno. "Dada, usione hivyo, siyo uchafu. Ni majivu tu. Mama aliyeniuzia anahifadhi kizamani, ukiyaosha yanatoka." Nilikuwa nimezamisha mkono karibu mpaka kiwiko, wala sikuwa natafuta uchafu. Nilikuwa nanusa. Majivu ya kuni za miwati, moshi wa jikoni, na ile harufu kavu ya maharage yaliyokaa darini miezi mingi. Nikanunua kilo moja ambayo sikuihitaji, nikaenda kukaa ndani ya gari na kulia, mtu mzima mwenye kazi ya ofisini na watoto wanaoniita mkali. Wenzangu wa rika langu mliokulia huku kwenye baridi nadhani mtanielewa.

Mama yangu alikuwa na maharage yake. Yalikuwa meusi yanayoelekea zambarau, na kila moja lilikuwa na mkanda mweupe mwembamba kiunoni. Sisi nyumbani tuliyaita maharage ya Bibi, kwa kuwa yalitoka kwa bibi mzaa mama. Yalikuwa yanaiva haraka na mchuzi wake mzito, hata bila nyanya unakula ugali mpaka unaona aibu. Mama aliyapanda matuta machache kila msimu, pembeni ya mahindi, na hakuwahi kuyapeleka sokoni. Ya mbegu aliyachanganya na majivu, akayatia kwenye kibuyu, na kibuyu akakiweka darini juu ya meko. Sisi watoto tuliruhusiwa kugusa kila kitu jikoni mle isipokuwa hicho.

Matokeo ya darasa la saba yalipotoka, nilichaguliwa kwenda shule ya serikali ya wasichana iliyokuwa nje kidogo ya mji wa Njombe, ile inayochukua wenye ufaulu wa juu tu, na mchepuo wake ni kilimo. Jambo hilo liliwachanganya watu kijijini. Jirani yetu Mama Onolina alimuuliza baba bila kuficha, "Yaani mtoto kafaulu kuliko wote, halafu wanampeleka kulima? Si angebaki tu hapa akalima na mimi?" Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Akaenda kulirudia swali hilo kanisani, akalirudia kwenye mashine ya kusaga, na kila aliporudia nilisikia jinsi anavyojivuna.

Shule ilikuwa na desturi yake. Kila msichana wa kidato cha kwanza alitakiwa kufika na jembe, panga, buti za mvua, na mbegu ya maharage ya kwao, kopo moja linatosha. Angepewa kitalu chake, angepanda mbegu ya kwao, na mwisho wa muhula mavuno yangepimwa kwenye mizani ijulikane ya nani yamezaa zaidi. Baada ya hapo maharage yote yalichanganywa yakapikwa, shule nzima ikala. Waliiita Siku ya Mavuno, na tuliambiwa kuwa dada zetu wa vidato vya juu huisubiri kuliko Krismasi.

Siku ya kufunga mizigo, mama alipanda juu ya kinu akashusha kile kibuyu. Nikadhani atachota kopo lake moja akirudishe. Badala yake akatandika kanga sakafuni, akamimina yote, akaanza kuchambua moja moja. Yaliyojaa vizuri akayaweka upande wangu, yenye mikunjo na yaliyopasuka akayaweka upande wa pili. Alipomaliza, yaliyorudi kwenye kibuyu yalikuwa ya kuokoteza, na mfuko wangu ulikuwa umetuna.

"Mama, wamesema kopo moja."

"Wamesema wao. Mimi nakupa haya."

"Watanicheka."

"Waache wacheke, wana meno. Nisikilize. Usimpe mtu apike hata moja. Yapande yote. Na yakikauka, toa mbegu kwanza uiweke, ndipo utoe ya watu. Umenisikia?"

"Ndiyo, mama," nikaitikia kwa ile sauti ya mtoto anayetaka mazungumzo yaishe.

Hakuishia kwenye maharage. Alinipa blanketi lake zito, akanipa sweta lake la kwendea kanisani, akampa mdogo wangu kitanda changu siku hiyohiyo, kabla hata sijaondoka. Mimi nilikuwa na akili za kufaulu mitihani, lakini za kumsoma mama yangu sikuwa nazo. Nilitazama vitu vikitoka na kuingia kwenye sanduku langu, nikaona wazi kwamba mama ananihamisha. Mwaka mzima uliopita alikuwa akituaga alfajiri, eti anaenda kusalimia ndugu, na anarudi jioni amechoka hataki kuongea. Nilikuwa nawaonea wivu hao ndugu. Nilijiuliza wana nini hata mama awapende hivyo, na sisi anaturudia na uchovu tu.

Stendi ya Makambako ilikuwa imejaa akina mama waliokuwa wakisindikiza watoto shule, na wote walikuwa wanalia. Wa kwangu hakulia. Alishika dirisha la basi, akanikumbusha habari ya mbegu mara nyingine, kisha akageuka na kuondoka kabla dereva hajawasha gari. Alitembea polepole, mkono mmoja ubavuni, bila kugeuka nyuma. Nikajiambia kwamba mama amepumua, mdomo mmoja umepungua nyumbani. Nililia mpaka Njombe, na blanketi lake nililikalia ili lichafuke.

Shuleni tulikutana wasichana ambao kila mmoja alikuwa wa kwanza huko alikotoka, kwa hiyo tulishindania kila kitu. Nani ametandika kitanda kikanyooka zaidi, nani amefika bombani kwanza, nani amejaza toroli la samadi bila kumwaga njiani. Mwalimu wa kilimo tulimwita Bwana Samadi kwa siri, na ilikuwa siri ya bure, kwa maana siku moja alimaliza kipindi kwa kusema, "Basi Bwana Samadi anawatakia jioni njema." Asubuhi ukungu ulikuwa ukishuka mpaka humwoni mwenzako wa kitalu cha jirani, unasikia jembe lake tu na mafua yake.

Jirani yangu wa kitalu alikuwa Skolastika, Skola, msichana wa Mlangali kule Ludewa, ambaye pia alilala kitanda cha juu yangu. Skola alifanya ishara ya msalaba kabla ya kuanza kulima, na mimi mtoto wa Kilutheri nikamtania kwamba Mungu hahitaji kupigiwa saluti ili aone tuta. Alinijibu kwamba ndiyo maana Walutheri matuta yao yamepinda. Ilipofika wakati wa maua, wadudu waliyavamia maharage yake yakanyauka karibu yote. Alilia siku moja, ya pili akaja na ndoo ya majivu kusimama upande wangu. "Mimi nimeshatoka mashindanoni," alisema. "Sasa mimi ni timu yako. Tushinde."

Na maharage ya Bibi yalikuwa yamekubali udongo ule. Majani mapana, maganda yamening'inia mpaka unapita kwa kunyanyua miguu. Nilimhadithia Skola habari za kibuyu cha mama na lile dari letu, naye akapenda kusikia, maana kwao mama yake alihifadhi vivyo hivyo. Maagizo ya mama sikumwambia, hayakunijia hata akilini. Siku moja Bwana Samadi alisimama kwenye kitalu changu, akafungua ganda moja, akalitazama lile harage na mkanda wake.

"Mbegu hii umeitoa wapi?"

"Kwa mama, mwalimu."

"Mwambie mama yako kwamba mimi nimesomea hivi vitu, na sijawahi kuiona."

Nikayashika maneno hayo nimpelekee likizo. Nilipanga hata namna ya kuyasema, nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha jikoni, kama mtu ambaye hajali.

Maganda yalikuwa yamekauka na tumeambiwa tusubiri ruhusa ya kung'oa, ndipo matroni aliponiita ofisini katikati ya kipindi. Baba alikuwa amesimama nje, amevaa koti lake la kanisani siku ya kazi. "Twende nyumbani," alisema. "Mama hajisikii vizuri." Njia nzima hakusema jambo jingine. Mimi ndiye niliyeongea. Nilimweleza habari za kitalu, za Bwana Samadi na za wadudu wa Skola, naye anaitikia "ee, ee" huku anatazama miti. Tulipokata kona ya kwetu nikaona turubai, na mabenchi ya kanisa yamepangwa uani, na watu wamenyamaza wananitazama mimi. Nikajua.

Sitaeleza maziko. Mliozika mama mnayajua, na ambao hamjazika sitaki kuwatisha. Nitaeleza jambo moja tu. Baada ya maziko, watu wakiwa bado wengi, niliingia jikoni kwa sababu ndiko kulikobaki harufu yake. Nikainua macho darini. Kibuyu hakikuwepo. Nilipotoka nikakiona uani, watoto wa ndugu wanakiviringisha. Mama Onolina aliyekuwa akikoroga sufuria kubwa akaniona ninavyokitazama.

"Tulipungukiwa, mwanangu," alisema kwa upole. "Ndugu wa Lupembe walikuja wengi mno, wamejaa lori zima la kubebea majani ya chai. Tukaona kuna maharage kidogo darini. Tukasema marehemu asingewanyima wageni."

Hapo ndipo nilipomsikia kwa kweli mama akiitwa marehemu. Neno lile liliniuma kuliko maharage, na kwa wakati ule maharage yenyewe sikuyawazia tena.

Mitihani ya muhula ilikuwa inakaribia, kwa hiyo nikarudishwa shule mapema. Alinichukua mama mdogo, mdogo wake mama, fundi cherehani wa Mjimwema pale Njombe. Tulisubiri basi Makambako kwenye mgahawa wa stendi, mbele yetu chai na chapati ambazo hakuna aliyezionja. Nadhani alitafuta tu la kuongea.

"Maharage yako shuleni yanaendeleaje?"

"Yamekauka. Bado kung'oa."

Akaweka kikombe chini. "Yapo?"

"Yapo, mama. Kitalu kizima."

"Mungu asifiwe," alisema, na machozi yakamtoka palepale mbele ya wahudumu. "Ya nyumbani yamekwisha. Dada alijua yatakwisha."

"Alijuaje?"

"Aliniambia nilipokuwa namuuguza hospitali ya misheni. Alisema, 'Nikifa watu watakuwa wengi, watakula mpaka mbegu. Usiwazuie. Mtu akija kunililia lazima ale. Ndiyo maana nimeyapeleka shule.'"

Nikaisukuma sahani ya chapati pembeni.

"Kuna jambo hukuambiwa kwa sababu ulikuwa mdogo," akaendelea. "Maharage yale hupewi mpaka uolewe. Mama yetu alimpa dada siku anatoka nyumbani kwenda kwa baba yako, na mimi akanipa siku yangu. Mimi nikaolewa mjini, sina hata tuta, nikayapika yakaisha. Nikajua dada anayo, sikuwa na wasiwasi. Naye alikuwa anangoja siku yako. Akaona haifikii."

Nikamuuliza swali ambalo lilikuwa limenikaa kooni tangu siku ile ya basi. Nikamwambia kwamba mama hakulia, kwamba aliondoka haraka.

"Haraka gani, mwanangu? Alikuwa hawezi kusimama. Alinipigia simu kutoka stendi hii, amekaa chini ukutani, analia mpaka sikuelewa anasema nini. Alichokuwa anarudia ni kwamba hukumwona."

Safari ya Makambako hadi Njombe si ndefu, lakini siku ile niliichukia kila kona yake. Dereva alisimama kupakia magunia ya viazi, nikatamani kumlilia aondoke. Nilikuwa sasa naelewa vyote kwa pamoja, blanketi, sweta, kitanda, kibuyu, hao ndugu waliokuwa wakisalimiwa alfajiri. Na nilielewa kwamba maharage ya Bibi yaliyobaki popote yalikuwa kwenye kitalu changu, na kwamba niliambiwa jambo moja tu la kufanya. Niliyang'oa yote kichwani mwangu humo garini. Niliyapukuchua kwa mkono, nikachambua yaliyojaa, nikamwomba mpishi majivu, nikatafuta chombo. Nilikuwa na huzuni iliyonizidi umri, lakini ndani yake kulikuwa na kazi, na ile kazi ilinishikilia.

Mama mdogo aliniacha getini. Sikwenda bwenini kwanza, nilikwenda vitaluni na sanduku langu mkononi. Kulikuwa kweupe. Matuta yote ya kidato cha kwanza yalikuwa yameng'olewa, udongo umechambuliwa na kusawazishwa, na mashina yamepelekwa kwa ng'ombe.

Skola ndiye aliyenikuta pale. Alikuja mbio, akanikumbatia, akalia nami, akasema pole mara nyingi kwa Kiswahili na kwa Kipangwa. Kisha akajifuta, na nikaona ana jambo linalomwasha.

"Nina kitu cha kukupoza moyo. Umeshinda!"

Nikaweka sanduku chini.

"Siku ya Mavuno walifanya juzi, kwa sababu jikoni maharage yalikuwa yameisha. Nikasema haiwezekani ukose kwa sababu ya msiba. Nikavuna mimi. Peke yangu, sikumruhusu mtu aguse. Nilichambua mpaka udongo, hata yale yaliyodondoka nimeokota yote, hakuna hata moja lililobaki. Mwalimu aliuliza kama atoe kidogo ya mbegu kabla ya kupima. Nikamwambia hapana, mwalimu, kwao mama yake anayo darini tele, tusimpunguzie uzito. Umewapita wote!" Akanishika mkono. "Zawadi ni buti mpya. Na nimekuwekea sahani yako."

Aliyasema hayo na uso uliojaa upendo, na uso huo ndio ulionifunga mdomo. Ningemwambia nini? Alikuwa ametumia mikono yake yote kunitendea mema. Tumezeeka pamoja sasa, yeye ndiye aliyenisimamia harusi yangu, na bado sijamwambia.

Sahani ilikuwa kwenye sanduku lake, imefunikwa na nyingine na kufungwa kwa kitambaa. Baridi ya Njombe ilikuwa imeitunza. Maharage ya kidato kizima yalikuwa humo, ya njano, mekundu, ya madoa, na katikati yake ya kwetu, rangi imefifia kwa kuchemka lakini mkanda bado unaonekana. Skola alikaa kitandani mbele yangu, magoti pamoja, anasubiri.

"Kila mtu alikuwa anatafuta yako kwenye sahani," alisema. "Onja."

Nikaonja. Yalikuwa na ladha ya jikoni kwetu, sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Nilikula harage moja moja, na Skola akadhani ni msiba, akanifunika blanketi la mama mabegani.

"Matamu?"

"Matamu."

Akacheka kwa furaha, akaenda kunitafutia maji ya kunywa. Alipotoka nikachagua moja kwenye sahani, lile ambalo halikuwa limepasuka, nikalifumba kiganjani. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikashuka vitaluni.

Muhula ule niliongoza kidato kizima katika somo la kilimo. Kama kulikuwa na msichana pale aliyejua kwamba mbegu iliyochemshwa haioti, alikuwa ni mimi, na ningeweza kukueleza sababu zake. Nilichimba kwa kidole katikati ya kitalu, nikalilaza, nikalifukia. Nikachota maji kwenye mfereji kwa viganja, nikanyweshea taratibu yasije yakalifukua. Kesho yake, kabla ya gwaride, nilikwenda kutazama. Na kesho yake tena. Nilikwenda kila asubuhi mpaka shule ilipofungwa.